Mposaji na Mposwa Waonane Lini?

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako mna binti aliyefikia kuolewa, au kijana anayetaka kuoa, mas'ala haya hayatakupita. Mzee husema: "Binti yangu haonwi mpaka aozwe." Kijana naye hujibu: "Mimi siuziwi mbuzi guniani." (Tumsamehe mfano wake, mtoto wa watu si mbuzi.) Maneno huwa makali, na kila mmoja akadai kuwa dini iko upande wake.

Mtume wetu (S.A.W.) amekwisha kulibainisha jambo hili. Al-Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipoposa, Mtume alimuuliza kama amemtazama huyo mwanamke. Alipojibu kuwa hakumtazama, alimwamrisha akamtazame, kwa kuwa hivyo ndivyo kunavyoelekea zaidi kudumu mapenzi baina yao. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi na wengineo. Na Muslim amepokea kwa Abu Huraira (R.A.) habari ya mtu mwingine, aliyetaka kuoa mwanamke wa Kiansari, naye akaambiwa vivyo hivyo. Haikuonekana kuwa kutazamwa kule ni kumvunjia mwanamke heshima yake.

Basi anayesema kuwa kuonana ni haramu amechanganya ada na sharia. Ada yetu ya kumweka mwari ndani ina stara yake, na ina utamu wake pia. Hata zawadi anayotoa bwana harusi anapomwona mkewe mara ya kwanza tumeipa jina, kipa mkono. Lakini utamu wa usiku mmoja hauwezi kuwa hoja katika jambo la umri mzima.

Wazee hupenda kusema: "Sisi tulioana bila ya kuonana, na mpaka leo tuko pamoja." Kweli. Lakini je, hawakuonana? Wengi wao walikuwa watoto wa ami na wa shangazi, au majirani wa mtaa mmoja, waliocheza ua mmoja kabla ya binti kutiwa ndani. Kijana alimjua kwa sauti yake, kwa ndugu zake, na kwa sura ya mama yake. Leo mposaji huenda akatoka Maskati au Dubai au Uingereza, ana likizo ya wiki 2, na nyumba anayoposa hajapata kuvuka kizingiti chake. Kumficha binti kwa mtu kama huyu ni jambo jingine kabisa. Na wale wa zamani walioachana kabla ya fungate kwisha, mbona hatuwataji?

Jambo jingine, tunazungumza kana kwamba mwenye macho ni mwanamume peke yake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mwanamke naye ni sunna amtazame anayetaka kumwoa, kwani naye humpendeza yanayompendeza mwenziwe. Tumefundishwa kuwa idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Lakini ananyamazia nini, ikiwa hajui anaolewa na nani? Mke wa Thabit bin Qays (R.A.), kama alivyopokea Bukhari, alimwendea Mtume akasema kuwa hamtii mumewe ila katika dini wala katika tabia, ila hawezi kukaa naye. Akaamrishwa amrudishie bustani yake, wakaachana. Mume alikuwa mwema, na moyo wa mke ulikataa. Ni nafuu moyo huo usemeshwe mapema.

Ila mimi naona tunagombania pasipo mahali pake. Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, ameeleza kuwa mtu atazame akisha kuazimia kuoa, na kabla ya kupeleka posa. Sababu yake iko wazi: asiporidhika, aondoke kimya, asimuumize mtu. Kwetu mambo ni kinyume. Posa imepokewa, wazee wamekwisha kaa, wanawake wa mtaa wamekwisha kula halua, ndipo kijana anaomba aonyeshwe. Akiona na moyo wake ukakataa, hurudi alikotoka. Binti hubaki na swali linalopita kila jiko: "Ana nini mtoto wa fulani?" Mposaji wa pili atakapokuja, atalikuta swali hilo mlangoni. Mzee aliyemficha binti kwa kumwonea uchungu ndiye aliyempeleka katika aibu hiyo.

Ikiwa posa imekwisha kupita, waonane hivyo hivyo kabla ya akdi. Afadhali kuchelewa. Na wakisha kuozwa huku harusi ikingojewa, huyo ni mkewe. Kumficha hapo ni ada tupu.

Nanyi vijana, msiifanye hadithi hii kuwa tikiti. Kinachotazamwa ni uso na viganja, naye ana maharimu wake karibu. Kutembea wawili pwani jioni hakumo. Mazungumzo ya simu ya usiku wa manane, milango imefungwa, kwa maoni yangu yanakaribia faragha kuliko tunavyopenda kukiri. Na picha je? Mtu akitazama kisha akaenda zake, hana kitu mkononi. Picha hubaki katika simu yake hata posa ikivunjika, na rafiki zake wakaiona.

Jambo lenyewe ni jepesi. Mama wa kijana, au shangazi yake, aje kama mgeni, na kijana afuatane naye. Baba au kaka awepo. Binti alete kahawa mwenyewe, akae, waulizane yaliyo na maana: tutakaa wapi, na mama yako au peke yetu, nitaendelea na masomo au vipi, je, unasali? Wakitaka kuonana tena, na warudie, sharia imeruhusu. Mtaani isemwe tu kuwa palikuja wageni.

Baada ya siku chache jawabu litoke pande zote mbili. Likiwa ni hapana, shangazi yule yule alilete kwa mama wa binti, aseme haikuandikwa, asitaje jicho wala rangi wala kimo. Kijana naye akiulizwa na rafiki zake alikokwenda Ijumaa ile, alikwenda kunywa kahawa.