Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Twauliza neno moja: kaburi ambalo jamaa zake wamekwisha kupotea, ni la nani?

Wazee wetu wa Ugogo waliijua Bagamoyo kwa sababu ya misafara iliyopita nchini mwetu katika karne ya 19. Karibu na mji huo, hapo Kaole, pana magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu. Wajenzi walizipamba nguzo kwa mabakuli ya kaure kutoka China, wakiyashikiza kwa chokaa. Leo mabakuli yameondolewa, mashimo yake yamebaki. Hata shimo lile tupu lashuhudia kwamba hapa alilazwa mtu aliyependwa, hata akapambiwa kwa chombo kilichovuka bahari.

Labda mtu atasema, "Hao si jamaa zetu, wala si wa dini yetu, kigae ni kigae tu." Mawazo hayo yalikwisha kutendwa mahali pengine. Mji wa Thesalonike, ambao Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake nyaraka mbili, ulikuwa na makaburi ya Wayahudi yapata 300,000 au zaidi. Desemba 1942, Wajerumani walipoutawala mji huo, makaburi yalibomolewa, na wakuu wa mji wakaridhia. Mawe yenye majina ya wafu yakawa mawe ya kujengea. Mengine yalitumika hata katika kutengeneza kanisa. Mwaka 1943 Wayahudi walio hai, zaidi ya 40,000, wakapelekwa Auschwitz, na wengi sana wakauawa. Hatusemi kwamba kila aliyebeba jiwe aliua mtu. Lakini moyo uliozoea kulikanyaga jina la jirani, utapata wapi nguvu ya kumtetea jirani mwenyewe?

Na sisi hapa Makole je? Mji wa Dodoma unapanuka, na jembe la mwenye kiwanja huweza kugonga kaburi la kale. Hatusemi kaburi lisihamishwe kamwe. Iko sheria ya mwaka 1969 ionyeshayo njia ya kuyahamisha. Bali sheria haimwoni mtu aliye peke yake shambani, atwaaye jiwe la kaburi akalifanya figa au kinoo. Hapo huonekana na Mungu tu.

Aliye hai akitendewa wema aweza kushukuru, na pengine kulipa. Maiti asiye na jamaa hawezi lolote. Kwa hiyo wema tumtendeao hauna faida iliyofichwa ndani yake, na wahenga walisema, wema hauozi. Basi tukiona jiwe au kigae cha namna hiyo, tukiache mahali pake, tuwaarifu wazee. Maana kaburi lisilo na mwenyewe ni la yule aliyelikuta.