Niongezee Katoni Mbili

Mteja wa Mbeya alikuwa na oda ya katoni 10 za sabuni kwenye duka la jumla Kariakoo. Jioni, kabla mzigo haujapakiwa, akatuma ujumbe: "Niongezee katoni mbili." Kesho yake basi likamshushia katoni mbili tu. Kisa ni cha kutunga, ndiyo maana duka halina jina, lakini kosa lenyewe ni la kweli na huweza kutokea popote wakala wa akili unde anapopewa kazi.

Ujumbe ule ulipokelewa na wakala wa aina hiyo, anayechati na wateja na kurekebisha oda mwenyewe kwa kutumia zana alizoundiwa na kijana wa programu. Zana ya oda iliitwa badili_oda. Maelezo yake: "Hubadili kiasi cha oda." Kigezo chake: kiasi. Basi.

Kijana alijua kwamba namba inayoingizwa pale hufuta ya zamani na kukaa mahali pake. Angekosaje kujua, na msimbo kauandika yeye? Modeli haioni msimbo. Inachopewa ni jina la zana, maelezo na orodha ya vigezo, na kwa hayo tu huamua iite zana ipi na iweke nini ndani. Mteja kasema mbili, zana inataka kiasi, modeli ikaweka 2. Zana ikajibu: "Imefanikiwa." Wakala naye, kwa adabu zote, akamhakikishia mteja kwamba ameshaongezewa.

Bosi akawaka. Kijana akailaumu modeli, kama wafanyavyo wengi, akahamia ya bei kubwa zaidi. Siku mbili zikapita salama. Ya tatu, dazani zikageuka katoni. Akafungua maelekezo ya jumla ya wakala, akaandika kwa herufi kubwa: KUWA MAKINI SANA NA ODA. Makini ya nini, sasa? Hata uandike mara mia, modeli haitajua kama 2 ni nyongeza au ni jumla.

Aliyemkwamua ni mama wa stoo.

"Hebu nisomee ulichoiandikia."

"Nimeandika, mama, 'Hubadili kiasi cha oda.'"

"Hata mimi ningeandika mbili, mwanangu. Na ikishabadili, inajibu nini?"

"Imefanikiwa."

"Imefanikiwa nini?"

Wakakaa chini. Zana ikaitwa weka_jumla_mpya, kigezo kikawa jumla_ya_katoni, na maelezo yakanenepa: "Huweka jumla mpya ya katoni za bidhaa moja iliyomo kwenye oda, jumla ya zamani hufutika. Mteja akiomba kuongezewa au kupunguziwa, soma kwanza oda kwa soma_oda, piga hesabu, ndipo uweke jumla. Akitaja dazani au vipande, muulize, usikadirie. Haitumiki kwa oda iliyokwisha kupakiwa." Jibu nalo likabadilika: "Sabuni: awali katoni 10, sasa katoni 12." Binafsi naona jibu hilo ndilo lililoleta nafuu kubwa, kwa sababu likisomeka "awali 10, sasa 2", modeli yenyewe inapata nafasi ya kushtuka kabla mteja hajaambiwa lolote. Wapo ambao wangetenga zana mbili, moja ya kuongeza na nyingine ya kupunguza. Inawezekana, ila zana zikizidi na majina yakakaribiana, modeli nayo huanza kuchanganya.

Kijana asichekwe. Anthropic, kampuni inayounda modeli za Claude, ilieleza mwishoni mwa 2024 kwamba ilipojenga wakala wa kurekebisha programu kwa ajili ya jaribio la SWE-bench, ilitumia muda mwingi zaidi kunoa zana kuliko maelekezo ya jumla. Wakala akishatoka kwenye folda kuu, modeli ilikuwa ikikosea njia za mafaili. Zana ilipobadilishwa idai njia kamili kila mara, makosa hayo yakakoma. Mwaka 2025 ikasimulia jingine: zana ya kutafuta mtandaoni ilipozinduliwa, Claude alikuwa akibandika "2025" kwenye utafutaji bila sababu, na matokeo yakaharibika. Dawa ikawa kurekebisha maelezo ya zana.

Pale dukani, siku hizi hakuna zana mpya inayoanza kazi kabla mama wa stoo hajasoma maelezo yake, bila kuonyeshwa kitu kingine chochote. Ya karibuni ilikuwa ya kupanga magari: "Huweka saa ya mzigo kuondoka. Kigezo: saa." Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Mteja akisema saa mbili, ya asubuhi au ya usiku? Na kompyuta yako inataka 2, 8 au 20?" Kijana akaufungua msimbo. Ulikuwa unasubiri saa za kizungu, kuanzia 0 hadi 23, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa hivyo.