Jiko Lisilo Letu

Hapa Mlowo ni vigumu kupata familia isiyo na mtu wake ugenini. Barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati ya mji wetu, na mpaka wa Tunduma hauko mbali. Wapo waliovuka kwenda Nakonde au Lusaka kwa biashara, na wapo waliofika Ujerumani kwa masomo na kazi. Wengi wao wanaishi katika nyumba za kupanga.

Huko wanakutana na swali linaloonekana dogo: je, inafaa kutumia fedha kutengeneza jiko katika nyumba ya mtu mwingine, kwenye nchi isiyo yetu? Kabati likifungwa ukutani litabaki kwa mwenye nyumba, na fedha hiyo hiyo ingenunua matofali ya kujengea huku nyumbani. Basi wengi huvumilia. Sufuria zinakaa sakafuni, ndoo ya unga inakaa chini ya kitanda, mama anapika amechuchumaa kando ya mlango. Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa nane. Jibu lao ni moja: hapa si kwetu, tunapita tu.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Waraka kwa Waebrania unatufundisha kwamba hapa duniani hatuna mji udumuo, na wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ukweli huo hautuamuru tuache kuishi. Mtoto anayekula katikati ya moshi kwa miaka minane hapiti. Huo ndio utoto wake, naye hatapewa mwingine nyumba ya Mlowo itakapokamilika.

Wayahudi waliohamishwa Babeli walitamani kusikia kwamba watarudi upesi. Hanania alitabiri miaka miwili. Jeremia aliwaandikia barua yenye miaka sabini, akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale mazao yake na kuuombea amani mji ule wa ugenini. Tuangalie vizuri: ahadi ya kurudi haikufutwa, imo katika barua ile ile, sura ya 29. Mungu hakuwataka wachague kati ya bustani ya Babeli na tumaini la Yerusalemu.

Mtume Paulo naye aliishi Rumi miaka miwili katika nyumba ya kupanga, tena akiwa chini ya ulinzi, akawapokea wote waliomjia. Na Katharina von Bora, alipoolewa na Martin Luther mwaka 1525, aliingia katika majengo ya monasteri ya zamani kule Wittenberg, ambayo yalifanywa mali yao rasmi mwaka 1532 tu. Katika miaka hiyo saba meza yao haikungoja hati; iliendelea kulisha wanafunzi na wageni.

Ni kweli pia kwamba fedha ya mgeni ni ya jasho, haifai kumwagwa. Ujerumani nyumba nyingi za kupanga hukabidhiwa bila jiko: mpangaji anakuta ukuta na mabomba, analeta mwenyewe kabati, jiko la umeme, hata sinki. Akihama huondoka navyo, au humuuzia anayeingia. Hiyo ni hekima inayofaa popote. Meza imara, rafu ya kusimama, jiko la gesi na mtungi wake vinaweza kuhama pamoja nasi. Kipimo kiwe hiki: je, kitu hiki kinawalisha walio ndani, kinawaepusha na moshi, kinatuwezesha kumkaribisha mgeni? Kinachozidi hapo kingoje, maana kuna ada za watoto na dawa za wazee.

Na kile kitakachobaki ukutani? Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tuliyoisoma tukiandaliwa kwa kipaimara, inaeleza amri ya saba kwa namna mbili: tusichukue mali ya jirani kwa hila, tena tumsaidie kuitunza na kuiboresha. Mpangaji anayeziba bomba linalovuja la mwenye nyumba hajapoteza, ametii amri.

Lakini amri hiyo ina upande wa pili, nao unatuhusu sisi tunaopangisha vyumba hapa Mlowo. Mpangaji akiweka sinki na kupaka rangi, kisha tukampandishia kodi kwa sababu chumba kimependeza, tumechukua jasho lake hata kama hakuna mahakama itakayotuita. Kabla fundi hajaja, pande zote mbili ziandikiane: nani analipa, nini kitabaki, kodi itapunguzwa kiasi gani. Katika Walawi 25 Bwana anawaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni wanaokaa kwake. Mbele zake mwenye nyumba naye ni mpangaji.

Basi sisi wazazi, tunapompigia simu mwanetu aliye ng'ambo, tusiishie kumwambia nyumba yake ya huku imefika usawa wa linta na mabati yanahitajika. Tumuulize pia wanapikia wapi, na wajukuu wetu wanakaa wapi wanapokula. Akisema ameamua kununua meza kwanza, tumwambie amefanya vema.