Vinanda Viwili, Uwanja Mmoja

Pamba ikishauzwa, Bariadi haikosi harusi. Wakulima wa Itilima, Meatu na Maswa wana fedha mkononi, na kijana mwenye kompyuta na spika za kukodi hapati usingizi wa kutosha. Hadithi hii ni ya kijana wa namna hiyo. Jina simpi, kwa sababu yaliyompata huwapata madijei wengi wanaoanza na muziki wa kasi, na ninawasimulia wao.

Kijana huyu aliipenda singeli kwa moyo wote. Muziki huo ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na mitaa ya jirani. Ulitoka kwenye mchiriku na kwenye vipande vya taarabu vilivyokatwa, vikazungushwa na kukimbizwa mpaka mapigo yakavuka 200 kwa dakika, mengine yakikaribia 300. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka uliofuata ikatoka Poaa ya Bamba Pana, na vijana wa Dar wakawa wanaitwa Ulaya kupiga muziki wao. Kijana wetu alizitazama video zao usiku kucha: dijei kainamia kompyuta, vidole vinakimbia, watu wanaruka. Akajifunza vidole. Masikio hayaonekani kwenye video.

Harusi yenyewe ilikuwa kwenye uwanja wa nyumbani, upande wa Nyakabindi. Spika kubwa zilisimamishwa walipo wachezaji. Meza yake iliwekwa barazani, penye umeme, mita 30 hivi kutoka kwenye spika. Fundi mitambo, mzee aliyekuwa amekodisha vyombo, alimwambia achukue spika ndogo aiweke karibu na sikio lake. Kijana akaona ni gharama ya bure, hedifoni si anazo?

Usiku ulipokolea, kina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa katikati ya uwanja wanacheza wimbo wa Kisukuma wenye kinanda kitamu, huku wanatuza. Vijana pembeni wakapiga miluzi, wanataka singeli. Akaamua kuiingiza singeli taratibu juu ya wimbo wa kina mama bila kuukata. Wazo hilo halikuwa baya hata kidogo, na ni lazima nimtendee haki. Wimbo wa Kisukuma ulikuwa na mapigo 115 kwa dakika, singeli 240. Ukiupandisha ule wa kwanza hadi 120, kila pigo lake moja linabeba mawili ya singeli, na miguu ya mama na ya kijana inaweza kucheza uwanja mmoja. Wazoefu hufanya hivyo.

Akabonyeza kitufe cha kuoanisha mapigo, mashine ikatii. Lakini alikuwa hajawasha kile kinachozuia sauti isipande kasi inapopanda. Kutoka 115 hadi 120 ni zaidi kidogo ya asilimia 4, na asilimia 6 hivi zinatosha kuusogeza wimbo kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata. Basi kinanda cha Kisukuma kikapanda robo tatu ya hatua hiyo, kikanasa katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo hakuna kinanda cha singeli kinachoweza kukikuta. Singeli nayo ikaingia na kinanda chake kizima. Hakuna sauti mbaya kama hiyo. Anayejua muziki na asiyejua, wote hukunja uso.

Kijana alisikia kwamba kuna kitu hakiko sawa, akadhani ni mapigo. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mita 30 zilimcheleweshea kilichotoka kwenye spika kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenye wimbo wa 120 pengine ungevumilia. Singeli ya 240 ina mapigo manne ndani ya sekunde moja, na ucheleweshaji ule ulikuwa zaidi ya theluthi ya pigo. Hedifoni zikamwambia hivi, uwanja ukamwambia vile. Akaisukuma singeli mbele, akairudisha, akaisukuma tena, mpaka pale barazani ikakaa sawa sikioni mwake. Kule kwa wachezaji ngoma zilikuwa zinachechemea. Kina mama wakasimama. Mmoja aliyekuwa ameinua noti airushe aliikunja, akaifunga kwenye kanga.

Mwishowe akazima vyote viwili, na ukimya huo ulidumu kuliko harusi inavyoweza kustahimili. Salio lake lilikatwa, na nyumba ile haikumwita kwenye sherehe iliyofuata.

Asubuhi, wakikunja nyaya, mzee hakumgombeza. Alimuuliza kama amewahi kuona Bagalu na Bagika wanashindana. Kijana wa Kisukuma gani hajawahi? Makundi mawili, kila moja na ngoma zake na nyimbo zake, yanacheza kwa wakati mmoja pande mbili za uwanja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi.

"Pale mtu akichoshwa na huyu anahamia kwa yule," mzee alisema. "Jana, mwanangu, uliwaweka wote ndani ya spika moja. Kina mama wangehamia wapi?"

"Nimekuelewa, mzee. Sasa ningefanyaje?"

Mzee akamweka mbele ya kompyuta na kumtaka ahesabu kwa mdomo. Katika mapigo 240, duru ya mapigo manne ni sekunde moja tu, na duru kumi na sita zinaisha kabla hujapata hedifoni iliyoanguka chini ya meza. Uamuzi wa maana hauwezi kufanyika ndani ya muda huo. Unafanyika mchana, nyumbani, wimbo mmoja mmoja. Wapi mwimbaji ananyamaza? Wapi kinanda kinatoka, ngoma zikabaki peke yake? Hapo ndipo pa kuingilia. Ngoma tupu zinakaa juu ya kinanda cha mwenzake bila ugomvi, na ukizungusha duru nne za ngoma hizo unajipatia muda wa kupumua. Kinanda cha pili kinakaribishwa cha kwanza kikishatoka. Vikilazimika kukutana, visikilizwe kwanza pamoja, kwa sauti ya chini, kabla ya siku yenyewe. Na mashine isiaminiwe kuhesabu: mara nyingi huisoma singeli ya 240 kama 120, kisha huanza kuhesabu kwenye pigo ambalo si la kwanza, hata wimbo ukaingia katikati ya sentensi ya mwimbaji.

Kazi iliyofuata ilikuwa Lamadi, harusi ndogo. Mwenye shughuli alipopiga simu, kijana aliuliza meza itakaa wapi kabla ya kutaja bei, akaomba majina ya nyimbo ambazo kina mama wa familia hiyo huzisimamia, na akaikodi ile spika ndogo kwa fedha yake mwenyewe.