Muda wa Deni la Nyumba na Kulilipa Kabla ya Wakati

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Muislamu, wengi hutujia wakauliza: "Nataka kununua nyumba kwa benki ya Kiislamu. Nichukue miaka 10 au miaka 20? Na Mungu akinikunjulia nikalipa mapema, je, nitapunguziwa?" Hayo ni maswali mawili, na aghlabu mtu hulikata la kwanza kabla hajalijua la pili. Hapo ndipo penye hatari, kwani jawabu la muda limo ndani ya mkataba, si ndani ya hamu ya mnunuzi.

Ama rehani ya riba, hukumu yake mwaijua, hatuirudii hapa. Tangu mwaka wa 2008 Kenya ina benki zilizojifunga kufuata sharia, na nyumba hununuliwa huko kwa njia mbili zilizo mashuhuri.

Ya kwanza ni murabaha. Benki huinunua nyumba, ikaimiliki, kisha ikamuuzia mtu kwa bei iliyozidi, naye akalipa kidogo kidogo kila mwezi. Bei ikishakatwa, yote ni deni tangu siku hiyo, na urefu wa muda umekwisha kutiwa ndani yake. Basi aliyechukua miaka 20 amenunua kwa bei ya miaka 20. Akitaka kumaliza katika mwaka wa 5, hana haki ya kudai apunguziwe hata senti.

Je, benki ikimsamehe kwa hiari yake? Mas'ala haya ni ya kale. Imepokewa kuwa Banu Nadhir walipoamrishwa kutoka Madina walitaja madeni wanayowadai watu ambayo wakati wake haujafika, wakaambiwa wapunguze na wapokee haraka. Lakini isnadi yake ina udhaifu. Ibn Abbas aliona hapana ubaya, na Ibn Umar alichukia. Wengi katika wanavyuoni wa madhehebu manne wakakataza likishartiwa, kwani kuuza muda kwa kupunguza wameuona ni ndugu wa kuuza muda kwa kuzidisha. Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim wakajuzisha. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka wa 1992 lilikata kwamba mdai aweza kumpunguzia mdeni anayelipa mapema, almuradi hawakupatana hivyo kabla, na jambo liwe baina yao wawili tu. Hilo ndilo tunalolishika. Basi msamaha ni hisani. Ukipewa, shukuru, usiutie katika hesabu zako siku ya kutia sahihi.

Njia ya pili ni ushirika unaopungua. Wewe na benki mwainunua nyumba pamoja. Wewe wakaa, walipa kodi ya fungu la benki, na kila mwezi wanunua sehemu ya fungu hilo mpaka nyumba iwe yako yote. Hapa kulipa mapema hakuhitaji msamaha, maana aliyenunua fungu la mwenziwe halipii tena kodi ya alichokwisha kukimiliki.

Tupige mfano. Nyumba ni shilingi 6,000,000. Wewe watoa 1,200,000 na benki 4,800,000, na kodi ni asilimia 12 kwa mwaka ya fungu lake. Kwa miaka 10 wanunua fungu la 40,000 kila mwezi, na mwezi wa kwanza, pamoja na kodi, walipa 88,000. Kwa miaka 20 wanunua la 20,000, na mwezi wa kwanza walipa 68,000. Lakini jumla ya kodi katika miaka 10 ni 2,904,000, na katika miaka 20 ni 5,784,000. Sasa yule wa miaka 20, baada ya miaka 3, fungu la benki likiwa limebaki 4,080,000, auze kiwanja chake alipe 1,020,000 mara moja. Akiendelea na 20,000 zake kila mwezi, atamaliza miezi 51 kabla ya wakati, na kodi iliyompungukia ni 1,825,800. Yote haya ni ikiwa mkataba wamruhusu kununua fungu wakati autakao bila ya kutozwa ada. Na kiwango cha kodi katika mikataba mingine hubadilika. Hapana budi kuuliza, na jawabu liwe kwa maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni, nasi twaandikiana bila kusoma!

Shauri letu basi ni hili. Katika murabaha, chukua muda mfupi unaoumudu, kwani urefu umeununua hata usipoutumia. Katika ushirika, upime muda kwa mwezi wako wa dhiki, ule wa karo na wa biashara kulala, si kwa mwezi wa neema. Kisha ununue mafungu kila upatapo, ukiisha kuweka akiba ya nyumbani. Anayechukua muda mfupi kwa kujigamba, akashindwa mwaka wa pili, hakupata faida yoyote.

Lakini tunamkanya yule anayechukua nyumba kubwa kuliko uwezo wake kwa kusema, "Nitalipa mapema, inshallah." Inshallah si mshahara. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mungu na deni, akaeleza kuwa mwenye deni husema akasema uongo, na huahidi akavunja. Na alijizuia kumsalia maiti mwenye deni la dinari chache tu, mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa.

Kwa hiyo kabla ya sahihi uliza pia kama mkataba una takaful ya kulipa kilichosalia ukifa. Jawabu hilo, pamoja na hesabu ya deni, liandike katika wasia wako, na mkeo na wanao wapajue mahali ulipouweka.

Wabillahi taufiq.