Kuwadi Asiyeonekana

Hapo kale kuwadi alijulikana mtaani kwa uso na kwa jina, na wenye haya wakamwepuka. Hivi leo biashara ya ukahaba imeingia katika simu, na kuwadi amekuwa kampuni. Iko mjini London kampuni iitwayo OnlyFans, iliyoanzishwa mwaka 2016. Wengi huuza humo picha za miili yao, na katika kila shilingi 100 anazolipwa muuzaji, kampuni huchukua 20. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2023 wanunuzi walilipa zaidi ya dola bilioni 6.

Basi twauliza: dhambi hii ni ya nani? Wengi wetu hujibu upesi kuwa ni ya mwanamke, kisha hunyamaza. Hatusemi kuwa yeye hana dhambi. Zinaa ni haramu, na njia zake ni haramu. Lakini na tuizingatie Sura ya Nur, aya ya 33. Wanavyuoni wamepokea kuwa iliteremka kwa habari ya Abdalla bin Ubayy wa Madina, aliyewashurutisha wajakazi wake kuzini ili apate mali. Katika aya hiyo makemeo yamemwelekea bwana anayechuma.

Huenda mtu akasema: kampuni haimshurutishi yeyote. Ni kweli, haishiki fimbo. Lakini mwezi wa Agosti 2021 ilitangaza kuwa itakataza mambo ya zinaa ya waziwazi, kwa ajili ya matakwa ya mabenki. Siku sita baadaye ikalirudi neno lake. Riziki ya watu ilifungwa na kufunguliwa kwa amri ya mwingine. Je, huyo si bwana?

Tena iko hasara ambayo kahaba wa kale hakuwa nayo. Yule alipotubu aliweza kuhama mji, na Mwenyezi Mungu akamsitiri. Huyu hutubu, na picha yake ikabaki mikononi mwa watu. Mwenye kuiweka picha hiyo, na mwenye kuwapelekea rafiki zake huku akimlaani mwanamke, wote wawili ni wasaidizi wa kuwadi, ijapokuwa hawakupata hata senti moja.

Kwa hivyo, ndugu Waislamu, kabla ya kumtaja mtoto wa watu barazani, kila mmoja wetu na aitazame simu yake. Iliyomo na ifutwe; isipelekwe kwa mwingine, wala isinunuliwe. Na aliyetubu afunguliwe mlango, asifukuzwe.

Wabillahi tawfiq.