Breki Iliyopona Kila Ilipopoa

Wamotari wengi, yaani waendesha pikipiki za abiria, hawaipendi breki ya mbele. Watakuambia inarusha. Kweli inarusha, ukiikamata kwa ghafla kwenye mchanga au tope. Lakini pikipiki ikifungwa breki, uzito hulalia gurudumu la mbele, na huko ndiko sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama iliko, hasa kwenye mteremko. Na njia ya kutoka Kamembe, Rwanda, kwenda mpaka wa Rusizi II wa kuingia Kongo ni mteremko: uwanja wa ndege wa Kamembe uko zaidi ya mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, na mpakani unashukia mto ambao umekwisha kutoka ziwani. Anayeteremka huko kwa breki ya nyuma peke yake anajitafutia makubwa.

Motari wa kisa hiki hakuwa na ubishi huo. Breki ya mbele aliitumia, tena ya diski. Siku moja pikipiki ilianguka ikiwa imeegeshwa, mkono wa breki ukavunjika. Akanunua mwingine wa bei nafuu, ukaingia, bolti ikakaa, akaenda zake kazini.

Haikupita wiki, mambo yakaanza. Alfajiri pikipiki ilikuwa safi. Kufikia saa nne, baada ya kushuka na kupanda mara kadhaa, injini ilivuta kwa shida hata kwenye tambarare, petroli ikawa inaisha mapema, na kila aliposimama harufu ya kuungua ilimpanda puani. Mkono wa breki ulikuwa umekaza, hauminyiki hata kidogo.

Fundi wa kwanza alisema ni pedi. Zikabadilishwa, hali ikarudi ileile. Fundi akasema basi ni upepo. Akalegeza kile kinati kidogo kilicho kwenye kalipa, mafuta ya breki yakaruka, gurudumu likaachia papo hapo. Wote wawili wakafurahi. Hapo ndipo walipopotea, kwa sababu upepo ukiingia kwenye breki, mkono hulegea na kushuka mpaka karibu na usukani, haukazi. Na yale mafuta yaliyoruka yalikuwa yanatoa taarifa: humu ndani kuna mgandamizo uliokosa pa kutokea, ilhali hakuna anayeminya breki. Fundi aliyafuta kwa kitambaa na kupokea pesa yake.

Mvua ilipokuja, kijana huyo alikuwa anashuka na mama mfanyabiashara aliyepakata ndoo ya nyanya. Gurudumu la mbele lilijifunga lenyewe kwenye lami yenye maji, mkono wake ukiwa haujagusa breki. Mama alitoka na michubuko ya kiwiko, na kofia ya abiria, ile ambayo wengine huivaa bila kuifunga, ilikuwa na ufa ubavuni. Nyanya zilikwisha. Watu waliokusanyika walikuwa na jibu moja: si tulikwambia breki ya mbele inaua?

Nusura aing'oe kabisa. Aliyemzuia ni fundi mzee, ambaye hata hivyo alikataa kuigusa pikipiki siku hiyo.

"Mzee wangu, iangalie tu."

"Ukiniletea imepoa, kijana, utakuwa umeniletea pikipiki nzima. Nenda nayo ifanye kazi. Ikianza kukaza, usivute, iache hapohapo unipigie simu."

Simu ilipopigwa, mzee alimkuta kando ya barabara, karibu na mpakani. Hakugusa diski kwa kidole. Aliidondoshea maji ya chupa, yakachemka. Akainua gurudumu la mbele, likagoma kuzunguka. Hakufungua kinati cha kalipa. Alianzia juu, akatoa bolti inayoshika mkono wa breki, akauvuta mkono nje taratibu. Pistoni ya masta, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani, ikarudi nyuma kidogo sana, milimita moja au pungufu, na gurudumu likazunguka.

Ndani ya masta kuna tundu dogo mno linalounganisha njia ya breki na kikopo cha mafuta. Ukiachia breki, pistoni hurudi nyuma na tundu linabaki wazi, ili mafuta yaliyotanuka kwa joto yapande kikoponi. Mkono mpya ulikuwa na ncha ndefu kidogo kuliko ule wa zamani, ukawa unaisukuma pistoni muda wote na kuliziba tundu. Kila joto lilipopanda, mafuta yalitanuka, yakakosa njia, yakazisukuma pedi. Pedi zikasugua, joto likazidi. Ikipoa, yote yanasahaulika. Dalili ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: mkono mzima huwa na mchezo wa milimita chache kabla ya kuanza kusukuma, na huu haukuwa nao.

Mzee alieleza pia kwamba kama gurudumu lisingeachia pale juu, angelegeza bolti ya mpira wa mafuta kwenye masta, halafu kinati cha kalipa. Likiachia kwenye masta, kosa liko humo. Likiachia kwenye kalipa tu, mpira umevimba ndani. Lisipoachia popote, pistoni za kalipa zimeganda kwa kutu na uchafu.

Kijana alitaka ncha ile ipigwe tupa, mzee akakataa. Ukizidisha, mkono unashuka mbali mno, na hakuna wa kukirudisha chuma ulichokitoa. Ulinunuliwa mkono unaolingana na masta yenyewe. Pedi zilizokuwa zimeng'aa kwa kuungua zilitupwa, na mafuta yaliyochemka, meusi, yakabadilishwa yote kwa mapya ya DOT 4, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Kisha wakaijaribu polepole, palipo tambarare, mpaka ikapata moto.

Mkono huo wa mwisho uligharimu pungufu kuliko ndoo ya nyanya aliyokuwa amekwisha kuilipa.